Uhalisia na Burudani katika Viigaji vya Ndege: Je, Mshika Mbili Moja Humponyoka?

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Kauli hii ndiyo inayoelekea kutawala mjadala wa miaka mingi kuhusu viigaji vya ndege, yaani programu za tarakilishi zinazomwezesha mtu kuketi nyumbani kwake na kuongoza ndege isiyokuwapo. Wapo wanaoshikilia kwamba kiigaji ni chombo cha uhalisia. Kwao, kila swichi, kila kipimo cha mafuta na kila mkondo wa upepo sharti uwe kama ulivyo katika ndege ya kweli, na asiyeweza kuyavumilia hayo na atafute mchezo mwingine. Wapo pia wanaosema kwamba mtu aliyetoka kazini jioni hana haja ya kusoma kitabu cha kurasa mia tatu ndipo apate kuiona dunia kutoka juu. Haja yake ni kujiburudisha. Baina ya pande hizi mbili, mwundaji wa programu huonekana kama muuza duka aliyeshika mizani: anachoongeza upande mmoja hana budi kukipunguza upande wa pili.

Makala haya yanapinga taswira hiyo ya mizani. Hoja yake kuu ni kwamba burudani ya kiigaji hutokana na uhalisia wenyewe, na kwamba swali linalofaa kuulizwa na waundaji ni hili: ni ukweli upi usioguswa, na ni upi unaoweza kurahisishwa bila madhara? Kiigaji kinaweza kumpunguzia mchezaji kazi, muda na adhabu. Kisichopaswa kumpunguzia ni uhusiano wa sababu na matokeo. Kwa msomi wa Kiswahili, suala hili si geni. Tangu darasa la kwanza la nadharia ya fasihi hufundishwa kwamba kazi ya sanaa huelimisha na kuburudisha kwa pamoja, na dhana ya uhalisia imezua mijadala isiyokwisha katika kumbi za mihadhara. Viigaji vya ndege ni uwanja mwingine ambamo mjadala huo unaendelea, ila humu makosa ya nadharia yanaweza kumfikia mtu aliyeketi katika ndege halisi.

Chimbuko la viigaji

Historia yenyewe yaonyesha kwamba mafunzo na burudani ni ndugu wa tumbo moja. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, kampuni ya Antoinette ya Ufaransa iliwafunza marubani kwa kifaa kilichotengenezwa kwa nusu mbili za pipa. Mwanafunzi aliketi juu yake, nao wasaidizi wakalitikisa kwa mikono huku yeye akijitahidi kujisawazisha. Aliyepiga hatua kubwa zaidi ni Mmarekani Edwin Link. Jamaa yake ilikuwa na kiwanda cha piano na vinanda katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, na humo ndimo alimojifunza matumizi ya mivukuto na pampu za hewa, yaani vifaa vinavyokipa kinanda kikubwa pumzi yake. Alipoona jinsi mafunzo ya urubani yalivyokuwa ghali, aliyatumia maarifa hayo hayo kuunda kibanda chenye umbo la ndege ndogo kilichoinama na kugeuka kwa nguvu za hewa. Alipata hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1931.

Shule za urubani hazikuuchangamkia mtambo huo. Wengi miongoni mwa wanunuzi wake wa mwanzo walikuwa wenye viwanja vya tamasha na michezo, ambako watu walilipa ili waonje raha ya kuruka bila kuondoka ardhini. Mambo yaligeuka mwaka 1934. Serikali ya Marekani ililikabidhi jeshi kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Marubani wa jeshi hawakuwa wamezoea kuruka gizani na katika ukungu kwa kutegemea ala pekee, na katika majuma machache kadhaa wao wakafa katika ajali. Jeshi likanunua mitambo sita ya Link. Kufikia mwisho wa Vita Vikuu vya Pili, zaidi ya mitambo 10,000 ilikuwa imeundwa, na marubani wapatao laki tano nchini Marekani walikuwa wamepitia ndani yake.

Ni muhimu kuzingatia kwamba kilichokuwa kichekesho cha tamasha ndicho kilichogeuka kuwa shule ya kuokoa maisha. Uti wa mgongo wake haukubadilika: ukisukuma usukani, kibanda huinama, na ala husema. Mtoto aliyelipia bembea na rubani aliyekuwa akijiandaa kuruka katika ukungu walipata jibu lile lile kwa kitendo kile kile. Walitofautiana katika haja zao tu.

Hali ilikuwa vivyo hivyo tarakilishi zilipoingia majumbani. Bruce Artwick, aliyesomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Illinois, aliandika tasnifu mwaka 1975 kuhusu namna ya kuonyesha urukaji wa ndege kwenye skrini. Kampuni yake ya subLOGIC ilitoa kiigaji cha tarakilishi ya Apple II kabla miaka ya 1980 haijashika kasi, na mwaka 1982 Microsoft ikatoa toleo la tarakilishi ya IBM. Ardhi katika programu hizo ilikuwa mistari michache tu. Hata hivyo, kanuni za urukaji zilizingatiwa kadiri mashine zilivyoruhusu, na bado mwundaji aliweka ndani yake mchezo wa mapambano ya angani ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kwa miaka mingi safari za wachezaji zilianzia katika kiwanja kidogo cha Meigs, kandokando ya ziwa jijini Chicago. Kiwanja hicho cha kweli kilipobomolewa usiku mmoja wa mwezi wa Machi mwaka 2003, miongoni mwa waliosikitika walikuwamo watu ambao hawakuwahi kukanyaga Chicago. Walikuwa wameijua njia yake ya kurukia kupitia mistari hiyo michache.

Uhalisia ni nini?

Anayedai uhalisia kamili hujikuta mara moja katika utata. Hakuna mchezaji yeyote, hata awe mshikilia uhalisia wa kupindukia, anayetaka kwamba akiigongesha ndege mlimani afe. Hakuna anayetaka kulipia mafuta halisi. Wachache ndio hukubali kuikodolea macho skrini kwa muda wa saa nane au tisa ambazo safari ya Nairobi hadi London huchukua. Wengi huharakisha mwendo wa saa ya programu wanapokuwa juu ya jangwa la Sahara. Kwa hiyo kila mtu hukubali kwamba kuna ukweli unaoachwa. Ubishi uliopo ni kuhusu mahali pa kuweka mpaka.

Hata mitambo ya kufundishia marubani wa mashirika makubwa, ambayo bei yake huhesabiwa kwa mamilioni ya dola, husimama juu ya hila. Kibanda chake huwekwa juu ya nguzo sita zinazorefuka na kufupika. Ndege inapoongeza kasi kwenye njia ya kurukia, rubani halisi husukumwa nyuma dhidi ya kiti chake. Mtambo hauwezi kukimbia kilomita mbili ndani ya jumba. Unachofanya ni kuinamisha kibanda nyuma kidogo, ili uzito wa mwili wa rubani mwenyewe umkandamize kitini, huku picha mbele ya macho yake zikionyesha kwamba ardhi imelala sawa. Ubongo hupokea habari hizo mbili na kuhitimisha kwamba ndege inaongeza kasi. Baadaye kibanda hurejea mahali pake polepole mno, kiasi kwamba sikio la ndani la binadamu halihisi mwendo huo. Huu ni uongo mtupu kwa mtazamo wa fizikia. Kwa mtazamo wa rubani, ni ukweli unaomfaa.

Wanafunzi wa fasihi watalitambua jambo hili. Shaaban Robert alipotunga Kusadikika, kitabu kilichochapishwa mwaka 1951, aliwapa wasomaji nchi iliyo angani. Hakuna aliyeikataa kwa hoja kwamba haimo katika ramani. Wasomaji waliikubali kwa kuwa mashtaka, hukumu na dhuluma ndani yake vilifuatana kama vinavyofuatana katika jamii waliyoijua. Jina lenyewe la kitabu linabeba dhana ambayo mjadala wa viigaji unaihitaji. Kinachotafutwa katika kiigaji ni kusadikika: kwamba tendo likitendwa, tokeo linalolifuata ndilo ambalo lingefuata angani. Wingi wa swichi hauwezi kukiokoa kiigaji kisichosadikika, na uchache wake hauwezi kukiangusha kinachosadikika.

Mwili usiokuwapo

Kuna jambo moja ambalo watetezi wa uhalisia mkali hulisahau aghalabu. Rubani huruka kwa mwili mzima. Makalio yake humwambia ndege inapoteleza upande. Mkono wake huhisi usukani ukiwa mwepesi kasi inapopungua. Masikio husikia upepo ukibadilika, na pembe za macho yake huona ardhi ikikimbia pande zote mbili. Mchezaji wa nyumbani ana skrini moja yenye upana wa dirisha dogo, na aghalabu kijiti cha plastiki kinachorudishwa katikati na springi, au kibodi peke yake. Mtu huyo amenyang'anywa zaidi ya nusu ya hisi anazozitegemea rubani wa kweli.

Matokeo yake ni kinaya. Kiigaji kinachonakili hesabu za ndege bila kupunguza chochote kinaweza kuwa kigumu kuliko ndege yenyewe. Zipo simulizi nyingi za marubani wenye leseni wanaoketi mbele ya tarakilishi na kuyumbayumba wakati wa kutua, ilhali ndege halisi huitua bila taabu. Ndege hugeuka kwa kuinamisha mabawa, huku miguu ya rubani ikikanyaga pedali za usukani wa mkia ili pua isiteleze. Mchezaji asiye na pedali hana njia ya kufanya hivyo. Programu inapomkanyagia pedali hizo kimyakimya, kuna watakaoita huo udanganyifu wa kuwapendeza wavivu. Ukweli ni kwamba msaada huo unamrudishia mchezaji kiungo ambacho mazingira yake yamemnyima, na kwa hiyo unamsogeza karibu na hali halisi.

Hapa ndipo taswira ya mizani inapoanza kuvunjika. Kuna rahisisho linaloongeza uhalisia, na kuna ugumu unaoupunguza. Mwundaji anayeamini kwamba kila ugumu ni uhalisia atatengeneza kazi ngumu isiyofanana na kitu chochote.

Vilevile, kuna burudani isiyopatikana ila kwa njia ya ugumu. Tangu mwaka 2001 kumekuwapo mtandao uitwao VATSIM, ambamo watu wa kujitolea huigiza kazi ya waongoza ndege, na wachezaji kutoka pande zote za dunia huomba idhini ya kupaa na kutua kwa lugha na taratibu zinazotumiwa katika viwanja halisi. Hawalipwi. Wengine hutumia jioni nzima kusubiri zamu yao kwenye njia ya kurukia. Kwa watu hawa, utaratibu mkali ndio raha yenyewe, kama vile mshairi wa kijadi anavyofurahia vina na mizani ambavyo mwingine huviona kuwa pingu. Anayesema kwamba uhalisia huua burudani hana jibu kwa watu hawa.

Ukweli usioguswa

Ikiwa mambo mengi yanaweza kurahisishwa, ni yapi basi yasiyoguswa? Mfano wa karibu utasaidia. Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, penye shule nyingi za urubani nchini Kenya, uko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa Moi mjini Mombasa uko karibu na usawa wa bahari yenyewe. Hewa ya Nairobi ni nyepesi zaidi. Injini ya kawaida ya ndege ndogo hupoteza takribani sehemu moja ya sita ya nguvu zake huko juu, nayo mabawa huhitaji mwendo wa kasi zaidi ndipo yabebe uzito ule ule. Ndege iliyopaa kwa wepesi Mombasa itaihitaji njia ndefu zaidi Nairobi, hasa adhuhuri yenye joto, na itapanda polepole baada ya kuondoka ardhini.

Kiigaji kinachozingatia jambo hili kinaweza kumruhusu mchezaji awashe injini kwa kubonyeza kitufe kimoja, kimwanzishe angani, kimpuuzie ukaguzi wa mafuta, na bado kikamfunza somo moja kubwa la urubani wa nyanda za juu. Kiigaji kinachoziruhusu ndege zote zipae kwa mbio zile zile kila mahali, hata kikiwa na swichi mia mbili zilizochorwa kwa ustadi, kimemdanganya. Mchezaji wa kawaida atapoteza raha ya kugundua. Kijana anayeweka akiba ili ajiunge na shule ya urubani atapoteza zaidi: ataingia katika ndege ya kweli akiwa na mazoea ya uongo.

Hatari hii si ya kufikirika. Mnamo Februari mwaka 2009, ndege ya shirika la Colgan ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, na watu 50 wakafa. Mnamo Juni mwaka huo huo, ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilianguka katika bahari ya Atlantiki ikiwa na watu 228, na hakunusurika hata mmoja. Katika ajali zote mbili, pua ya ndege iliinuliwa mno hadi hewa ikaacha kufuata mgongo wa bawa, nayo mabawa yakapoteza uwezo wa kuibeba ndege. Dawa ya hali hiyo ni kushusha pua, lakini mikono iliyokuwa usukanini iliendelea kuivuta juu. Uchunguzi uliofuata ulizusha maswali kuhusu mafunzo. Ilibainika kwamba mitambo mikubwa ya kufundishia, pamoja na gharama yake yote, haikuwa imeundwa kuiga kwa usahihi tabia ya ndege inapopita kikomo hicho. Mwaka 2013 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa kanuni za kuwataka marubani wa mashirika wafunzwe hali hiyo hadi mwisho wake, na mashirika yakapewa hadi mwaka 2019 kutekeleza.

Funzo lililopo hapa ni zito. Mitambo hiyo ilikuwa na kila taa na kila kitufe cha ndege halisi. Uhalisia wake wa nje ulikuwa timamu. Iliponyamaza ni pale pale ambapo sababu na matokeo vilihitaji kusema. Kama jambo hili liliwezekana katika mitambo ya mamilioni ya dola, basi wapenzi wa viigaji vya nyumbani wanaopima uhalisia kwa kuhesabu swichi wanatumia kipimo kibovu.

Funzo la mwaka 2012

Upande wa pili nao umepata somo lake. Mnamo Januari mwaka 2009 Microsoft iliifunga idara iliyokuwa ikiunda Flight Simulator. Tarehe 29 Februari mwaka 2012 ikazindua programu mpya iliyoitwa Microsoft Flight. Nia yake ilikuwa njema: kuwavuta watu ambao hawakuwahi kugusa kiigaji. Programu ilitolewa bure, ikianza na kisiwa kikubwa cha Hawaii, nayo sehemu nyingine na ndege za ziada ziliuzwa. Mchezaji alipewa kazi za kupita ndani ya pete zilizoning'inia angani na kutafuta vitu vilivyofichwa. Baadhi ya ndege zilizouzwa hazikuwa na chumba cha rubani. Mchezaji aliziona kwa nje tu. Watu wa nje waliozoea kuunda ndege na mandhari za nyongeza kwa matoleo ya awali walifungiwa mlango. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, kabla nusu mwaka haijatimia, Microsoft ikatangaza kusimamisha kazi hiyo.

Si haki kuhusisha kifo cha programu hiyo na sababu moja. Biashara ya programu za bure ina misukosuko yake, na hata wakosoaji walikiri kwamba namna ndege zake zilivyoruka ilikuwa nzuri. Hata hivyo, jambo moja ni bayana. Waundaji waliamini kwamba mgeni huogopa ukubwa wa ulimwengu, hivyo wakampunguzia ulimwengu. Dunia nzima ya matoleo ya awali ikawa visiwa vichache, na chumba cha rubani kikawa anasa. Walioipenda kazi ya kweli walihisi kutukanwa. Wale wageni nao walipomaliza kuzipita pete hawakuwa na mahali pa kwenda. Mchovya asali hachovyi mara moja, lakini sharti pawe na asali zaidi chunguni.

Mlango na nyumba

Mnamo Agosti mwaka 2020 ilitoka Microsoft Flight Simulator mpya, iliyoundwa na studio ya Asobo ya mjini Bordeaux, Ufaransa. Njia iliyochaguliwa ilikuwa kinyume cha ile ya mwaka 2012. Ulimwengu haukupunguzwa, uliongezwa hadi ukaijaza sayari nzima, kwa kutumia picha za setilaiti na za ndege zilizohifadhiwa katika mitambo ya mbali. Kilichorahisishwa ni kuingia. Mchezaji huchagua kiwango cha msaada: apewe misaada yote, apewe kiasi, au aachwe kama rubani kamili. Anaweza kubadilisha kipengele kimoja kimoja kadiri ujuzi wake unavyokua. Mtu wa kwanza huitafuta nyumba ya bibi yake kutoka juu, wa pili hufuata safari fupifupi za nyanda za Patagonia, wa tatu huwasha ndege ya abiria kuanzia betri ya kwanza. Wote wamo katika anga moja, na upepo ule ule huwavuma.

Tofauti hii inaweza kuelezwa kwa mfano wa nyumba na mlango. Mwaka 2012 nyumba ilipunguzwa ili mgeni asipotee. Mwaka 2020 nyumba iliachwa kubwa, na mlango ndio uliopanuliwa. Hata kosa lililojitokeza lilithibitisha hoja. Kutokana na mtu mmoja kukosea tarakimu katika ramani huria, jengo la kawaida katika kitongoji cha Melbourne lilihesabiwa kuwa na ghorofa 212, nalo likachomoza katika programu kama mkuki kati ya vijumba. Wachezaji walifunga safari kulitazama, na baadhi wakajaribu kutua juu yake. Jambo hilo lilichekesha kwa sababu kila kitu kilicholizunguka kilikuwa cha kweli. Katika mji wa kubuni, mnara huo usingemshangaza mtu.

Pamoja na sifa hizo, mlango huu haujawa wazi kwa wote. Dunia inayopakuliwa kutoka mbali huhitaji intaneti ya kasi na tarakilishi yenye nguvu. Toleo lililofuata lilipozinduliwa mwezi wa Novemba mwaka 2024, mitambo ya kuhifadhi data ililemewa na wachezaji wengi wakasubiri kwa saa nyingi bila kuruka. Kwa mwanafunzi wa Eldoret au Kisumu anayenunua data kwa bando, uhalisia wa aina hiyo ni karamu anayoisikia harufu yake tu. Hapo ndipo programu kama FlightGear, iliyoanza miaka ya 1990 na inayotolewa bure pamoja na msimbo wake, inapostahili kutiliwa maanani. Picha zake hazivutii kwa kiwango hicho, lakini mwanafunzi anaweza kuitumia bila intaneti na kujaribu mwenyewe tofauti ya Wilson na Mombasa.

Kizuizi kingine ni lugha, na kinawahusu moja kwa moja wasomaji wa jarida hili. Msaada usioeleweka si msaada. Mchezaji wa Afrika Mashariki aghalabu hupokea maelekezo kwa Kiingereza cha kitaalamu, na neno moja lisiloeleweka linaweza kumfungia mlango kuliko swichi kumi. Ni kweli kwamba marubani na waongoza ndege wa kimataifa huwasiliana kwa Kiingereza, na istilahi hizo hazina budi kufahamika. Lakini kueleza kwa nini bawa hupoteza nguvu, au kwa nini joto la adhuhuri hurefusha mbio za kupaa, ni kazi ambayo Kiswahili kinaiweza. Maelezo yaliyotolewa hapo juu kuhusu ajali za mwaka 2009 hayakuhitaji istilahi ya Kiingereza. Anayefasiri mafunzo ya kiigaji kwa Kiswahili fasaha hapunguzi uhalisia hata chembe; anapanua mlango.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba viigaji vilizaliwa kati ya kiwanda cha vinanda na uwanja wa tamasha, na kwamba vilikua vikiwahudumia anayejifunza na anayecheza kwa wakati mmoja. Imeonyeshwa pia kwamba kila kiigaji, hata cha bei kubwa, hutumia hila. Kwamba rahisisho jingine humkaribisha mtu kwenye ukweli. Na kwamba ukweli wa kulindwa ni ule wa sababu na matokeo. Waundaji wanaoitwa kuchagua kati ya uhalisia na burudani wanaulizwa swali lisilo sahihi. Wampunguzie mchezaji mzigo wa swichi, wamfupishie saa, wamsamehe anapoanguka. Lakini anapoinua pua kupita kiasi, bawa na limwache. Anapopaa Nairobi adhuhuri akiwa na mzigo mzito, njia na imwishie.

Kijana atakayeanguka mara kumi kwenye skrini na kucheka mara kumi huenda asiwe rubani kamwe. Huenda pia siku moja akaketi katika ndege ya kweli pale Wilson, injini ikinguruma na ukingo wa njia ukisogea, na mkono wake ukajua la kufanya kabla mwalimu hajasema. Mshika mbili huponyokwa anaposhika vitu viwili. Katika kiigaji kilichoundwa vyema, kinachoshikwa ni kimoja.